Nimekuja Kuweka, Sikuja Kutoa

Kariakoo ukiulizia mabawa ya malaika utaambiwa, "Subiri hapo hapo bosi, yapo stoo," na kijana atapotelea kwenye vichochoro vya Mtaa wa Kongo, arudi nayo ya rangi mbili ili uchague. Sifa hiyo siibishii. Lakini hebu shuka Gerezani, simama mbele ya duka la spea, useme kwa sauti ya kawaida kwamba unatafuta masega ya gari. Mwenye duka anaacha kuhesabu hela.

"Unauza?"

Hapana, nanunua.

"Yako yameibwa?"

Hapana, yamekufa.

Anakutazama kwa huruma, anamtazama jirani yake wa duka la pili, kisha anakupa ushauri ambao hukuuomba: "Si utoe tu, tajiri?"

Kilio changu ndicho hicho. Mji huu mzima unajua kutoa masega. Ukitaka kuweka, unaonekana umetumwa.

Kwa wenzangu wa mwendokasi ambao hawajawahi kulala chali chini ya gari: masega ni kipande cha kauri chenye matundu membamba, yapata 400 kwa kila inchi ya mraba, kilichofungiwa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi, kabla moshi haujafika kwenye sailensa. Kuta za matundu hayo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, inageuzwa kaboni dayoksaidi. Petroli iliyotoka injini bila kuungua inamaliziwa kuungua. Gesi za nitrojeni zinazowasha vifua zinarudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida, ambayo hewani imejaa tele. Masega mazima hupunguza sumu hizo kwa zaidi ya asilimia 90, na hayakuombi chochote: hayana mkanda wa kukatika, hayanywi oili, hayapigwi grisi. Labda ndiyo maana hatuyaheshimu. Kitu kisichokudai hela kila mwezi, Dar es Salaam tunakiona hakipo.

Kagari kangu ni namba B, na katika mji ambao watu wanapimana kwa herufi za vibao vya magari yao, nikishasema hivyo nimejieleza vya kutosha. Kalianza kwa kuchoka. Nikipanda daraja la Mfugale pale Tazara nakanyaga mafuta, injini inaunguruma, gari linatafakari. Wenye bajaji wakawa wananipita huku wanapiga gumzo. Kisha ikawaka taa ya cheki injini, ya rangi ya chungwa, ikagoma kuzimika. Baadaye ikaja harufu ya mayai viza. Siku ya kwanza ya harufu hiyo mke wangu alishusha kioo cha dirisha, akanitazama mimi. Nikamwambia ni gari. Akasema, "Sawa, baba," kwa ile sawa inayomaanisha kesi bado iko wazi. Mwisho ukaja mlio: ukiliwasha asubuhi, huko chini unasikia njugu zinatikiswa ndani ya kopo.

Hapa mjini kila mwanamume ni fundi mpaka ithibitike vinginevyo. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hana gari, alisema ni pampu ya mafuta. Muuza kahawa alisema ni gia boksi. Mzee wa dukani alisema tatizo ni petroli yenyewe ya siku hizi, na kwa kuwa ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA wanapotangaza bei mpya, mjadala ukahamia huko, gari langu likasahauliwa.

Nikalipeleka kwa fundi wa chini ya mti, maeneo ya Ilala. Akajiingiza chini ya gari, akagonga kopo kwa spana, akatoka amefurahi. Mgonjwa ni mimi, anayefurahi ni daktari.

"Mzee wangu, masega yameziba. Tunayatoa, gari linapumua."

Shilingi ngapi?

"Kwako wewe? Bure."

Nimeishi Dar miaka ya kutosha kujua kwamba fundi akisema bure, mlipaji ameshapatikana, na yuko jirani sana. Nikamuuliza kwa nini anataka kunifanyia hisani mchana wote huu, juani, kwenye oili. Akasema tu kwamba vitu hivi ni vya nchi za baridi, huku kwetu havina kazi.

Kati ya yote niliyoambiwa, hili la nchi za baridi ndilo lililoninyima usingizi. Masega yanachukia baridi! Hayaanzi kufanya kazi mpaka yapate moto wa nyuzi 250 au 300 hivi. Huko Ulaya asubuhi ya theluji, dakika chache za mwanzo wa safari ndizo chafu kuliko zote, kwa sababu masega bado yamelala. Gari lililoegeshwa juani Mnazi Mmoja mwezi Februari limeshapewa mtaji. Kama kuna mji ambao masega yalipaswa kuuomba uraia, ni huu.

Bure yenyewe inaelezeka kwa mzani. Ndani ya kopo moja zile metali tatu hazizidi gramu chache, lakini mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita dola 20,000, wakati dhahabu tunayoiimbia nyimbo ilikuwa chini ya 2,000. Sehemu kubwa ya rodiamu na platinamu ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, chini kabisa, watu wakishushwa kwa lifti mamia ya mita. Mafundi wetu wameona hayo ni mateso ya bure. Wao wanachimba kwa jeki. Namba zilizogongwa kwenye kopo zinapigwa picha, zinatumwa kwa mnunuzi, bei inarudi kwenye simu kabla hujamaliza soda uliyonunuliwa. Kisha kopo linapasuliwa, masega yanatolewa, kopo linachomelewa likiwa tupu na kurudishwa mahali pake. Mwenye gari akichungulia anaona kila kitu kipo. Anashukuru, na wengine hata wanaacha hela ya maji.

"Na hii taa?" nilimuuliza.

"Taa tunaidanganya."

Maelezo yake yalikuwa hivi. Nyuma ya masega kuna sensa ya oksijeni ambayo kazi yake ni kuyasimamia masega na kupeleka taarifa kwenye kontroli boksi. Ukiivuta ile sensa nje kidogo kwa kijibomba cha kuchonga, isinuse moshi vizuri, kontroli boksi inaamini mambo ni shwari na taa inazimika. Nikamuuliza, yaani nilipe hela ili tulidanganye gari langu mwenyewe? Akanijibu kwamba gari halina kinyongo.

Nikaondoka. Si kwamba mimi ni mtakatifu wa mazingira. Nina taka zangu kama mtu yeyote. Ila kuna mambo nayajua, na ukishayajua yanakera.

Mfaransa mmoja aitwaye Eugene Houdry, mhandisi wa mambo ya kusafisha mafuta aliyehamia Marekani, ndiye aliyehangaika na kifaa hiki miaka ya 1950, baada ya kuona moshi ulivyolifunika jiji la Los Angeles. Kikamshinda kuingia barabarani kwa sababu moja: petroli ya wakati huo ilitiwa risasi, na risasi ikipita kwenye masega inayapaka na kuyaua. Marekani ilisubiri mpaka magari ya mwaka 1975 ndipo masega yakawa kitu cha kawaida, pamoja na petroli isiyo na risasi. Sisi tulichelewa zaidi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwaka 2001, zikakubaliana kuiondoa risasi kwenye petroli, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 kazi ilikuwa imefanyika. Algeria ikafunga orodha ya dunia mwaka 2021. Fikiria mikutano hiyo, mawaziri, tai shingoni, viwanda vya mafuta kubadilishwa mitambo. Risasi ikatoka, watoto wakanusurika, na petroli ikawa rafiki wa masega kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nasi tukaingia chini ya magari tukayatoa masega.

Na magari yenyewe yanakuja yakiwa nayo. Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na moshi unapimwa. Likizidi sumu halirudi barabarani. Mmiliki akichoka na gharama za ukaguzi analiuza, linapanda meli, sisi tunalilipia kodi ya uchakavu bandarini kwa kosa la kuzeeka kabla ya kukutana nasi, linavishwa kibao. Lilivumilia ukaguzi wote wa Wajapani. Halikuvumilia mafundi wa Ilala. Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007, na moshi upo tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa bahati nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa kupiga mashine. Huyu hakugonga kitu. Alichomeka kidude chini ya usukani, akasoma kwenye simu, akaniambia, "P0420." Nilidhani ananitajia bei. Kumbe ndiyo namba ambayo gari hutoa masega yakishindwa kazi. Nikasema haya, twende tukanunue. Akatikisa kichwa.

"Mzee, masega hayafi kifo chake. Yanauawa. Kwanza tumtafute muuaji."

Nilitamani kumkumbatia, lakini alikuwa na grisi. Akanifundisha mambo ambayo wenye gari za zamani wanapaswa kufundishwa kabla ya kupewa ufunguo. Injini ikimisi, silinda moja haichomi, petroli mbichi inashuka kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapita nyuzi 1,000, kauri inayeyuka na kujiziba. Injini inayokula oili inayapaka masega majivu mpaka yanakosa pumzi. Gasketi ya silinda hedi ikivujisha, maji ya rejeta yanayamaliza polepole. Kwa hiyo mtu anaweza kununua masega mapya Ijumaa, na kabla mwaka haujaisha akawa ameyachoma tena, akabaki kuwasema Wachina.

Muuaji wangu alikuwa koili, kopi ya bei poa iliyofungwa na fundi wa zamani nisiyetaka kumtaja kwa sababu bado tunasali pamoja. Koili ikabadilishwa, plagi zote zikabadilishwa, gari likaacha kutetemeka. Ndipo nikapewa ruhusa ya kwenda sokoni.

Winga alinipata kabla sijafunga mlango wa gari. Wasiomjua winga wa Kariakoo ni wageni wa mji: hana duka, hana mzigo, ana miguu na maneno. Anakuuliza unatafuta nini, anakwambia umefika, anakupeleka kwenye duka ambalo ungeliona mwenyewe, na bei inaongezeka kwa kila hatua mnayotembea. Huyu wa kwangu aliposikia masega alisimama ghafla, akadhani hajasikia vizuri. Tulipoelewana kwamba mimi ndiye natoa hela, akafurahi zaidi, maana bidhaa isiyo na wateja haina bei inayojulikana.

Tukazunguka. Duka moja walinionyesha bomba tupu lililochongwa vizuri, jipya, linang'aa, wakaniambia hilo ndilo wateja wote wanachukua. Duka jingine wakaleta jipya la China lisilo na gari maalumu, la kukatwa na kuchomelewa popote, bei nzuri. Nikauliza lina madini kiasi gani. Mwuzaji akasema, "Bosi, hilo swali tungeulizwa na wangapi?" Kweli, wangapi. Masega ya bei nafuu sana hupakwa rangirangi tu ya zile metali, yanafanya kazi kidogo kisha yanastaafu, na namba P0420 inarudi kusalimia. Mpya halisi la kiwandani sikuliulizia. Mimi ni mwandishi.

Mpaka Shaurimoyo ndipo tukapata la mtumba, lililoshuka na bomba lake lote kutoka kwenye gari lililokatwa Japani. Kutu ya juu juu tu. Winga akaliinua. "Tajiri, hii ndiyo yenyewe. Sikilizia uzito."

Nikatoa tochi. Hapo hali ya hewa ikabadilika. Ukimulika upande mmoja wa kopo na kuchungulia upande wa pili, lazima uone vitundu vimejipanga mraba mraba na mwanga unapenya sawasawa. Ukiona giza, yameziba. Ukiona jicho la winga, ni kopo tupu. Unalitikisa vilevile: likinyamaza ni zuri, likijibu limepasuka. Unakagua na mshono, maana kiwanda hakichomelei kwa mkono unaotetemeka. Kopo la kwanza nililomulika nilimwona mwenye duka kuanzia nywele hadi viatu. "Ah, hilo limechanganyika," akasema, akaliweka pembeni kwa ajili ya mteja asiye na tochi. La pili lilikuwa zima.

Bei ilianzia laki saba. Nikacheka kicheko cha Kariakoo, kile cha kuondoka bila kuondoka. Akashuka. Nikamuulizia mama yake. Akashuka tena. Winga akaingilia akimtetea mwenye duka, kisha akanitetea mimi, kisha akajitetea mwenyewe. Tukakutana laki nne na nusu, na hela ya winga juu yake, ambayo alisema ni ya maji. Yule bwana anakunywa sana maji.

Kufunga hakukuwa na mambo mengi: boliti zilizoshikana kwa kutu zikapashwa moto wa gesi, sensa ikafunguliwa kwa spana namba 22, gasketi ikawekwa mpya. Fundi mwingine angerudisha ya zamani na kuipaka gundi. Huyu alinituma mwenyewe kununua. Taa ikafutwa, ikazimika, ikakaa imezimika.

Shida ikawa masega ya zamani. Nilipoyaweka chini tu, gereji ambayo muda wote ilikuwa na watu wawili ikawa na kumi. Mmoja akasema nimwachie ayatupe, yasinichafulie buti. Mwingine anayahitaji kwa mafunzo. Mzee mmoja aliyekuja kujaza upepo baiskeli akaniita pembeni, akanitajia bei kwa sauti ya chini ya kuposea. Nikayatia kwenye shangazi kaja, nikaenda nayo nyumbani, yakalala chini ya kitanda mpaka mke wangu alipogundua harufu ile ile imehamia chumbani. Ile kesi iliyokuwa wazi ikafufuliwa.

Ikabidi kuuza. Mnunuzi ninayemjua kwa sura, ambaye wenye magari yao wakishapewa soda huwa hasemi neno, siku hiyo alikuwa mchumi. Alinieleza kwamba soko la dunia limeshuka. Kilichoniuma ni kuwa alisema kweli: kufikia mwisho wa 2023 rodiamu ilikuwa imeporomoka chini ya dola 5,000 kwa wakia. Tena yangu yalikuwa yamepasuka, nusu ya madini ilishatoka kwa bomba la nyuma na kumwagika vumbi barabara yote ya Uhuru. Wanaofagia pale wanafagia platinamu na hakuna aliyewaambia. Nilichopata kilirudisha bei ya koili, na chenji nikanunua samaki.

Sasa gari linapanda Mfugale bila kutafakari. Haiwi hewa ya Lushoto inayotoka nyuma, hilo najua; kaboni dayoksaidi ipo palepale na mimi bado nachoma petroli. Lakini ile sumu ya haraka imekatwa, na hapa ndipo nilipogundua dhuluma ambayo hakuna fundi aliyenitahadharisha. Kiyoyozi changu kilikufa zamani, kwa hiyo natembea vioo chini. Jana nimekaa kwenye foleni ya Uhuru kuelekea mjini. Mbele yangu fuso la mchanga, linatema moshi mweusi ukiingia moja kwa moja kwenye dirisha langu. Kushoto kipanya cha abiria, ekzosi imefungwa kwa waya. Mimi, mwenye masega ya Kijapani, navuta hayo yote. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa wa namba E, kioo kimeshushwa nusu, mkono nje, anapuliziwa moshi uliochujwa na kupoozwa kwa gharama zangu, bila risiti. Fuso liliposogea hatua mbili nami nikachelewa kidogo kutia gia, akapiga honi ndefu, akatoa kichwa: "Mzee, sogeza mkweche wako!"

Hajui anavuta hewa ya laki nne na nusu. Na hela ya maji ya winga.